Kibali cha Ohio Hakivuki Mto Delaware

Barua za Madereva na Familia Zao

Anayejibu barua hizi alianza kazi akiwa utingo kwenye barabara ya Mombasa kwenda Kampala, baadaye akaendesha malori ya masafa marefu hapa Marekani. Sasa anawafundisha madereva wapya mjini Columbus, Ohio.

SWALI: Jambo Mzee wetu. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Columbus na mke wangu na watoto. Nilikuja kama mkimbizi, sasa nina grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu, na naendesha lori la kampuni ndogo ya ndugu zetu. Kila wiki napeleka mzigo Elizabeth, New Jersey, na mara nyingi nalala maegeshoni huko huko kabla ya kugeuza. Mwezi uliopita mwenzangu alivamiwa usiku akiwa amelala kwenye lori. Walimwonyesha kisu, wakachukua simu, pochi, hata viatu. Tangu siku hiyo mke wangu hana amani. Nimenunua bastola dukani kihalali, nikajaza fomu na nikakaguliwa. Muuzaji aliniambia Ohio siku hizi haidai kibali, naweza kuiweka kiunoni nikafunika na shati. Je, naweza kusafiri nayo mpaka New Jersey? Rafiki mmoja anasema iko sheria ya Washington inayomlinda msafiri popote apitapo. Mwingine anasema nichukue kibali cha Utah, eti kinakubalika kila mahali. Nimsikilize nani? Mungu akubariki.
Dereva wa I-70, Columbus

JIBU: Mwanangu, pole kwa yaliyomkuta mwenzako, na mkeo mpe pole. Lakini jibu langu ni hapana. Usiingie New Jersey na hiyo bastola, si kiunoni, si chini ya godoro, si ndani ya begi la nguo. Nimelitanguliza neno hilo ili hata dispacha, anayekupangia safari, akikupigia sasa hivi uondoke, uwe umelipata. Mengine yasome ukitulia, maana kila mmoja wa hao waliokushauri ameshika kipande cha ukweli na kuacha kile kinachofunga watu.

Kwetu Kenya, mtu aliyepewa leseni ya silaha na bodi anatembea nayo Mombasa mpaka Busia. Hapa sivyo. Hakuna kibali cha taifa kinachomruhusu raia wa kawaida kubeba bastola iliyofichwa. Kila jimbo linatoa chake, na kila jimbo linaamua lenyewe litambue cha nani na likatae cha nani. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuyalazimisha majimbo yote kutambuliana vibali, ukafia Seneti. Kwa hiyo katika safari yako moja unapita chini ya sheria za majimbo manne, na bastola ni ile ile.

Tuifuate barabara yenyewe. Muuzaji hakukudanganya kuhusu Ohio: tangu tarehe 13 Juni 2022, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kuibeba ikiwa imefichwa bila leseni, na mwenye grini kadi yumo. Ukivuka mto Ohio pale Wheeling umeingia West Virginia. Huko nako leseni haidaiwi kwa mtu wa miaka 21 ambaye ni raia au mkaazi halali, na kipande chenyewe ni kifupi.

Halafu Pennsylvania, na hapa ndipo wengi wanapoanza kuharibikiwa bila kujua. Jimbo hilo linadai leseni kwa bastola iliyofichwa mwilini, na vilevile kwa bastola iliyomo ndani ya gari. Kwa aliye ndani ya gari linaikubali leseni halali ya jimbo jingine, ila lazima leseni yenyewe iwepo: kadi yenye jina lako, na tarehe yake haijapita. Ruhusa ya Ohio ya kubeba bila leseni inabaki Ohio. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawahimiza: hata kama Ohio haikudai leseni, wewe iombe. Inatolewa na sherifu wa kaunti yako au kaunti jirani, baada ya mafunzo ya saa 8, na inadumu miaka 5.

Liko jambo jingine ambalo muuzaji hakukuambia, na nina hakika hakukusudia ubaya, wauzaji wengi hawalijui. Sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000, yaani kama mita 300, kutoka kwenye uwanja wa shule. Aliyepewa leseni na jimbo ilipo shule hiyo anasamehewa. Asiye na leseni, hata kama jimbo lake halimdai, hana msamaha huo. Na mwenye leseni ya Ohio akipita karibu na shule ya Pennsylvania naye hana, kwa kuwa leseni yake haikutolewa na Pennsylvania. Wewe dereva unajua barabara zinavyopenya katikati ya miji midogo ukitoka tu kwenye barabara kuu kutafuta mafuta. Kinachobaki ni kuiondoa risasi na kuifungia bastola kwenye sanduku lenye kufuli. Sheria inaikubali hiyo.

Sasa mto Delaware. Barabara kuu ya I-78 ikishamaliza Allentown na Easton inavuka daraja na kukuingiza New Jersey upande wa Phillipsburg. New Jersey haitambui kibali cha jimbo lolote jingine. Kuwa na bastola bila kibali chao ni kosa la daraja la pili, kifungo cha miaka 5 hadi 10, na ipo sheria inayomtaka jaji amweke mtu ndani angalau miezi 42 kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Juu ya hapo, tangu 2018 magazini inayobeba risasi zaidi ya 10 ni kosa lake yenyewe, na risasi zenye tundu nchani, zile ambazo wauzaji wa Ohio huzisifu kwa kujilinda, zina masharti yake makali. Bastola uliyonunua dukani Columbus inaweza kukupa mashtaka matatu kabla hujateremka ngazi za lori.

Pengine utasema: mimi si mhalifu, nitamweleza askari ukweli, ataona makaratasi yangu. Oktoba 2013 mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia, Shaneen Allen, alisimamishwa New Jersey kwa kosa la kubadilisha leni. Alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania. Akamwambia askari kwa hiari yake kwamba ana bastola, akamwonyesha na kibali. Akakamatwa, akakaa jela zaidi ya mwezi, akakabiliwa na hicho kifungo cha miaka mitatu na nusu. Kesi yake ikaenea kwenye magazeti nchi nzima, na mwishowe mwendesha mashtaka akakubali kumpeleka kwenye mpango wa kuepuka kifungo. Aprili 2015 Gavana wa New Jersey wa wakati huo, Chris Christie, akampa msamaha. Alikuwa raia, alikuwa na kibali, alisema ukweli, na bado ilimchukua mwaka mmoja na nusu kutoka kwenye tundu hilo.

Turudi kwa rafiki yako wa sheria ya Washington. Sheria ipo, ni ya 1986, na ni nzuri kwa anayestahili. Inasema mtu anaweza kusafirisha bunduki kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo na kuibeba, kwenda mahali pengine anaporuhusiwa vilevile, hata akikatiza jimbo linalokataza. Masharti: iwe haina risasi, na bunduki pamoja na risasi zisiweze kufikiwa kutoka pale abiria anapokaa. Gari lisilo na buti, na kichwa cha lori hakina, lazima ziwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na kile kidroo cha dashibodi au kisanduku cha katikati ya viti havihesabiwi hata vikiwa na kufuli.

Isome tena pole pole: kutoka mahali panaporuhusu kwenda mahali panaporuhusu. Dereva anayetoka Ohio kwenda New Hampshire akapita New Jersey bila kutua anaweza kuiegemea sheria hiyo. Wewe mzigo wako unashushwa Elizabeth. Mwisho wa safari yako ni New Jersey penyewe, nako huruhusiwi kubeba. Sheria hiyo haikuhusu tangu ulipowasha injini Columbus. New Jersey ina nafuu zake chache, kwa mfano mtu kwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha akiwa ameifungia bunduki bila risasi, lakini kushusha mzigo haimo.

Na hata dereva anayepita tu, nina wasiwasi naye sana kwa sababu ya usingizi. Kanuni za saa zetu unazijua: saa 11 za usukani, halafu saa 10 za mapumziko, na kompyuta ya lori inaandika kila dakika. Saa zikikuishia New Jersey, utalala New Jersey. Sasa, yule mtu aliyelala saa 10 kwenye kitanda cha lori, na sanduku liko miguuni pake na ufunguo uko mfukoni, bado yuko safarini au amekaa? Kuna kesi inayonikosesha raha hapa. Mwaka 2005 Gregg Revell wa Utah alikuwa akiruka kwenda Allentown, hiyo hiyo Allentown unayoipita, kwa kuunganisha ndege Newark. Bastola ilikuwa kwenye sanduku lenye kufuli ndani ya mzigo uliokaguliwa, haina risasi, ameitangaza kama inavyotakiwa. Akakosa ndege ya kuunganisha, akapewa begi lake, akalala hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitangaza tena, polisi wakamkamata, akakaa jela siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, akashtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufani ya shirikisho ya Philadelphia ikasema sheria ya 1986 haikumlinda: usiku ule hotelini begi lilikuwa mkononi mwake, angeweza kulifikia. Hotelini, mwanangu, bila gari. Mimi sioni mahakama hiyo hiyo ikimhurumia dereva aliyelala futi tatu kutoka kwenye sanduku lake. Kwa hiyo hata anayepita, apange saa zake alale Pennsylvania, avuke bila kutua.

Kibali cha Utah. Utah huwapa vibali wasio wakaazi wake, na si peke yake, Florida na Arizona nazo hutoa. Vinasaidia kwenye majimbo kadhaa. Lakini New Jersey, New York, Massachusetts, Illinois na California havitambuliwi hata kimoja, na ndiyo majimbo yenye bandari na maghala tunayopelekwa kila siku. Tena yapo majimbo kama Michigan na Colorado ambayo hutambua kibali cha mkaazi tu: ukiwa mtu wa Ohio mwenye kibali cha Utah, kwao huna kitu. Illinois ina huruma kidogo: aliye na kibali cha jimbo lake anaweza kuwa na bastola ndani ya gari akipita, mradi isitoke garini, na akishuka aifungie humo.

Njia halali ya New Jersey ipo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa, ya Juni 2022, jimbo haliwezi tena kumdai mwombaji athibitishe dharura ya kipekee, na asiye mkaazi anaweza kuomba kibali chao kupitia polisi wa jimbo. Utahitaji wadhamini wanne wa tabia, alama za vidole, na kufuzu mtihani wa kulenga shabaha. Ni kazi, na si ya wiki moja. Lakini ukikipata hicho, hapo ndipo maongezi yanabadilika.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalonikosesha usingizi juu yako kuliko jela yenyewe. Wewe una grini kadi. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote aliyeingia kihalali, akitiwa hatiani wakati wowote kwa kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Haiulizi kama ulimjeruhi mtu. Haiulizi watoto wako wamezaliwa wapi. Haingoji kifungo kirefu. Na yale yaliyomwokoa Shaneen Allen, wewe huenda yasikuokoe. Ukikubali kosa mahakamani ili upewe mpango wa nafuu, jimbo linaweza kusema faili limefungwa, safi, lakini uhamiaji ukahesabu kule kukubali kwako, pamoja na masharti uliyowekewa, kuwa ni kutiwa hatiani. Hata msamaha wa gavana, ambao kwa makosa mengine humwondolea mtu kufukuzwa, sheria haikuuweka kwenye makosa ya bunduki. Iko njia ya kumwomba jaji wa uhamiaji akuonee huruma ukiwa umekaa miaka 7 na grini kadi umeishika miaka 5, lakini hapo umeshafika mbele ya jaji, na wengine husubiri siku hiyo wakiwa kizuizini.

Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama na familia za madereva wetu. Nimemwona kijana anaambiwa na wakili wa bure, "Kubali tu, leo jioni utalala kwako," naye akatikisa kichwa kwa furaha. Hakuna aliyemuuliza kuhusu uraia wake. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukubali kosa kutamfukuzisha nchini. Huyo Padilla naye alikuwa dereva wa lori, mkaazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, aliyepigana Vietnam akiwa jeshi la Marekani, akakamatwa Kentucky na mzigo wa bangi. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi, amekaa sana nchini. Kwa hiyo ikitokea, Mungu apishe mbali, usidanganye askari, usiruhusu upekuzi kwa mdomo wako, omba wakili na unyamaze. Na wakili huyo kabla hujatia saini chochote mwambie maneno haya: "Mimi si raia, nataka mwanasheria wa uhamiaji aione karatasi hii kwanza."

Na miraa, ndugu zangu wa Kenya na Ethiopia mnisikie pia. Cathinone iliyomo kwenye miraa mbichi iko kwenye kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku na shirikisho. Fomu ya kununulia bunduki inauliza kama unatumia dawa kama hizo, na uongo kwenye fomu ile ni jinai ya shirikisho. Anayetafuna asiwe na bunduki.

Sasa usalama wako wa usiku, maana ndio ulioanzisha barua. Kabla ya kulala vuta mkanda wa kiti upitishe kwenye mpini wa mlango, kisha uufunge kwenye kishikizo chake. Fanya milango yote miwili. Hata akivunja kufuli, mlango hautafunguka kwa kuvutwa. Lipia nafasi iliyohifadhiwa kwenye kituo chenye taa na watu, na gharama hiyo mwambie mwenye kampuni aibebe, ni gharama ya kazi. Usiegeshe kwenye mitaa ya maghala ya Elizabeth ukingoja lango lifunguliwe alfajiri. Wengi waliovamiwa ninaowafahamu walikuwa wanafanya hivyo. Lala Pennsylvania, amka mapema, ufike saa ya kushusha. New Jersey inamruhusu mtu mzima asiye na rekodi ya jinai kubeba kopo dogo la dawa ya pilipili lisilozidi robo tatu ya aunsi, liweke karibu na mto wako. Na mwenye lori muulize kwa maandishi kama anaruhusu silaha ndani ya gari lake. Kanuni za shirikisho za malori hazimkatazi dereva, lakini kampuni nyingi na bima zao hukataza, na ukipoteza kazi hutapata pa kushtaki.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mdogo wangu anaolewa Toronto mwezi ujao. Tunakwenda kwa gari kutoka Columbus, mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu, tunapitia Cleveland, Erie na Buffalo. Mume wangu ana leseni ya Ohio na bastola yake hukaa kwenye kidroo cha dashibodi siku zote. Anasema Mahakama Kuu ilishaifuta sheria ya New York, kwa hiyo hakuna shida, na tukifika Buffalo atamwachia binamu yake mpaka tutakaporudi. Mimi moyo haukubali.
Mama Watatu, Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu. Moyo wako unakuambia kweli, na mumeo mwombe aisome hii kwa utulivu.

Hukumu ya 2022 ilifuta sharti moja, lile la New York kumdai mwombaji aonyeshe sababu maalumu ya kutaka kubeba. Haikusema leseni ya Ohio inafanya kazi Buffalo. New York mpaka leo haitambui leseni ya jimbo lolote, na bastola yenye risasi nje ya nyumba ni jinai ambayo kifungo chake huanzia miaka mitatu na nusu. Ile sheria ya 1986 niliyoieleza hapo juu haimfai pia, kwa sababu bastola ikiishia Buffalo iko New York isiyomruhusu, na ikivuka mpaka, Kanada nayo haimruhusu.

Lakini la kukutisha zaidi ni hili. Sheria ya New York inasema bastola ikikutwa ndani ya gari dogo, inachukuliwa kuwa ni ya wote waliomo, mpaka ionyeshwe vinginevyo. Kama ingekuwa mwilini mwa mumeo ingekuwa yake. Ikiwa kwenye kidroo, wewe uliyekaa kiti cha mbele unaulizwa, na mama mkwe aliyeshika tasbihi nyuma anaulizwa. Kama yeyote kati yenu si raia, rudia kusoma niliyomwandikia yule dereva kuhusu uhamiaji.

Kumwachia binamu: kumkabidhi bastola mtu wa jimbo jingine bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni ni kosa la shirikisho, na huyo binamu asipokuwa na leseni ya New York anakuwa na kosa lake hata ikiwa kabatini kwake. Mtamwingiza matatani mtu aliyewapikia pilau.

Kanada nayo, wala msiwaze. Tangu Oktoba 2022 wamefunga uuzaji na uhamishaji wa bastola kwa watu wa kawaida, na forodha yao itawauliza wazi kama mna silaha. Ukisema ndiyo, imekwenda. Ukisema hapana wakaikuta, umemwongezea mumeo kosa la uongo. Kila mwaka wako watu wa Ohio na Michigan wanaojikuta kwenye daraja la Detroit kwa kukosea kibao tu, na bastola iko garini.

Iacheni nyumbani, kwenye kasha la chuma, imefungwa. Na usiku wa kuamkia safari, wewe mwenyewe toa kila kitu ndani ya kile kidroo, inua mazulia, angalia mifuko ya nyuma ya viti na chini ya kiti cha mtoto. Risasi moja iliyodondoka inatosha kuwasimamisha mpakani nusu siku, na mkaikosa ndoa.

SWALI: Mzee, mimi ni mwanafunzi kutoka Mwanza, niko Dallas kwa viza ya F-1. Wenzangu Wamarekani wananialika kwenye uwanja wa kulenga shabaha, na mapumziko ya masika tunakwenda Oklahoma. Mmoja anataka niibebe bastola yake kwenye begi langu kwa sababu Texas na Oklahoma zote hazidai kibali. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Dallas

JIBU: Kijana, usiiguse. Ni kweli Texas haidai kibali tangu Septemba 2021, na Oklahoma nayo haidai, lakini ruhusa hizo ni za mtu ambaye sheria ya shirikisho haimzuii, na wewe inakuzuia. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo, utalii au kazi, hawezi kuwa na bunduki wala risasi, hata moja mfukoni. Kosa hilo kifungo chake ni hadi miaka 15 tangu sheria ilipobadilishwa 2022. Na neno kuwa nayo linajumuisha kuishika dakika tano uwanjani, au kuibeba kwenye begi ukijua imo.

Msamaha mkuu ni wa aliyepata leseni halali ya kuwinda kutoka jimbo lolote, ikiwa haijapita muda. Wenye viwanja wengi hukuomba uionyeshe kabla ya kukukodisha bunduki, na asiyekuomba usidhani amekuhalalishia. Ukitaka sana kujifunza shabaha, ianzie hapo: chukua mafunzo ya uwindaji, lipia leseni, kisha mwone mwanasheria wa uhamiaji akuthibitishie kabla hujakanyaga uwanjani. Safari ya Oklahoma nenda, ila panda gari ambalo bastola ya mwenzako haimo kabisa, na kama ataipakia, wewe panda basi.